Wyatt Earp Hakuwa Sherifu

Wale wenye walipitisha utoto wao katika sale ya video wanaijua hii picha. Saa sita ya muchana. Barabara ya vumbi, hakuna mutu. Akteri anasimama upande huu na nyota ya chuma kwenye kifua, shefu wa mabandi upande ule. Upepo unapita. Kila mumoja anangojea mwenzake aguse bunduki wa kwanza. Kisha, tah! Shefu wa mabandi anaanguka, akteri anarudisha bastola yake mahali pake, na sisi watoto tunapiga kelele mpaka mwenye sale anatutisha kama atazima televizyo.

Majuzi rafiki yangu mumoja, mwenye alimaliza sheria, aliniambia hivi: «Wale Wamarekani, hata wakati ule wa vumbi na farasi, sheria yao ilikuwa na mutu wa kuisimamisha.» Nikamuuliza: mutu gani? Akajibu bila kufikiri: «Wyatt Earp.» Njo sababu ninaandika hii. Sitaki kumuvunja heshima rafiki yangu, lakini hadisi ya Wyatt Earp, ukiisoma katika karatasi za tribinali na hapana katika filme, inasema karibu kinyume cha vile tunafikiri. Nyota ya chuma na bastola ya bandi zilikuwa mara mingi mikononi mwa watu wale wale, na sisi tunawatofautisha leo juu mutu fulani alikaa chini akaandika kitabu cha kuuzisha.

Tuanzie na muji wenyewe. Tombstone iko katika Arizona, karibu na mupaka wa Mexico. Mwaka wa 1877 mutu mumoja jina lake Ed Schieffelin alikuwa anatafuta madini kule, katika udongo wa Waapache. Askari walimucheka, wakamwambia kama jiwe moja tu lenye atapata kule ni jiwe la kaburi lake. Akapata feza, feza mingi, na muji wenye ulizaliwa mu 1879 akaupa jina hilo: Tombstone, jiwe la kaburi. Mu miaka miwili maelfu ya watu walikuwa wamefika. Wachimbaji, avoka, wauzishaji wa pombe, wacheza karata, wasichana wa bare, watu wa magazeti. Kila musomaji mwenye alikomaa karibu na kareya ya madini anaweza kumaliza orozo peke yake.

Sasa, katika muji kama ule, kuwa mutu wa sheria ilikuwa nini? Ilikuwa biashara. Hapa njo filme zinatudanganya zaidi. Sherifu wa wilaya ya Cochise, kule Tombstone, alikuwa pia mukusanyaji wa kodi, na alibakisha asilimia 10 ya kodi yenye alikusanya. Kampuni za migodi zililipa kodi, njia ya reli ililipa kodi, wenye bare walilipa kodi. Wyatt Earp aliitaka sana ile nafasi. Mu 1880 alikuwa kwa miezi kiloko musaidizi wa sherifu wa wilaya ya Pima, kisha akaacha. Wakati wilaya ya Cochise iliundwa mu Februari 1881, gavana alimuweka mutu mwingine, Johnny Behan. Wyatt alisema kama Behan alimuahidia kumufanya musaidizi wake ikiwa hatapigania nafasi ile, na Behan hakutimiza. Behan mwenyewe alikubali mbele ya tribinali kama ahadi ilikuwako. Kwa hiyo mule ndani hakukuwa vita ya mwanga na giza. Kulikuwa pia posti moja yenye kulipa vizuri, na wanaume wawili wenye kuitaka. Tena Josephine Marcus, mwanamuke mwenye alikuwa anaishi na Behan, kisha akaenda kuwa wa Wyatt mpaka kufa. Niseme nini tena?

Upande mwingine kulikuwa watu wenye waliitwa «Cowboys». Sisi tunasikia neno hilo kama sifa. Kule Tombstone mu 1881 lilikuwa tusi: lilimaanisha wezi wa ngombe, watu wenye walivuka mupaka kwenda kuiba nyama Mexico, kisha kuziuzisha kwa wenye duka za nyama wenye hawakuuliza maulizo. Ndugu wa Clanton na ndugu wa McLaury walikuwa na mashamba, na mashamba yale yalipitishiwa ngombe zenye watu hawakujua zilitoka wapi. Lakini wafugaji wadogo wengi waliwapenda. Watu wa muji, wengi wao wa chama cha Republican, walikuwa upande wa ndugu Earp. Watu wa mashamba, wengi wa chama cha Democrat, walikuwa upande wa Behan na Cowboys. Muji ulikuwa na magazeti mawili, na kila gazeti lilikuwa na ukweli wake.

Sasa kitu chenye kilileta damu. Mu Machi 1881 mabandi walishambulia gari la farasi lenye kubeba abiria na feza, wakaua dreva na abiria mumoja. Zawadi ya makuta ikatangazwa juu ya vichwa vya watu watatu. Wyatt, mwenye alitaka kuchaguliwa sherifu na alihitaji kushinda kitu kikubwa mbele ya macho ya watu, akaenda kwa siri kumuona Ike Clanton. Akamwambia: unionyeshe wale watatu wako wapi, wewe ubakie na makuta yote, mimi nibakie na sifa. Hii hapana mimi ninaitunga. Wyatt mwenyewe aliisema katika tribinali. Wale watatu wakauawa kwingine, mupango ukaanguka, na Ike akaanza kuogopa. Ikiwa wenzake wangejua kama alitaka kuwauza, alikuwa mutu wa kufa. Akalewa, akaanza kupiga kelele kama ndugu Earp na rafiki yao Doc Holliday wanaeneza siri. Kwa hiyo ile vita yenye tunaonaka kama sheria inapambana na uovu ilianza na biashara ya siri kati ya mutu wa sheria na mwizi wa ngombe, yenye iliharibika.

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1881 uko na kitu chenye hakuna filme yenye ingependa kukionyesha sawasawa. Ike alitukanana na Doc Holliday. Kisha wakakaa kucheza karata mpaka asubuhi. Nani na nani? Ike Clanton, Tom McLaury, sherifu Behan, na Virgil Earp, ndugu mukubwa wa Wyatt, mwenye alikuwa shefu wa polisi wa muji. Meza moja! Sherifu, shefu wa polisi na wale wenye watapigana nao mu masaa yenye kuja.

Asubuhi Ike akazunguka na bunduki akisema atawaua ndugu Earp. Tombstone ilikuwa na sheria ya muji, ya mwaka ule ule wa 1881, yenye ilikataza kutembea na silaha ndani ya muji. Wandugu, tukumbuke hiyo: ule Ufar-West wa kila mutu na bastola yake kwenye kiuno, miji yake mingi ilikuwa imekataza bastola. Virgil alimupiga Ike kichwani na bastola, akamupeleka kwa muamuzi, akalipishwa amande. Inje ya biro ya muamuzi, Wyatt naye akakutana na Tom McLaury, akamupiga kichwani vilevile. Kwa hiyo wakati saa tisa inafika, watu wawili wa upande ule walikuwa na vichwa vyenye kuvimba na aibu mbele ya muji muzima.

Tarehe 26 Oktoba, saa tisa ya muchana hivi, Virgil aliambiwa kama Cowboys wako pamoja karibu na barabara ya Fremont na wako na silaha. Akachukua ndugu zake Wyatt na Morgan, na Doc Holliday, muganga wa meno mwenye kifua kikuu na mucheza karata. Virgil njo alikuwa mutu wa sheria siku ile. Wyatt alikuwa musaidizi wa kuazimwa tu. Behan akawakuta njiani akajaribu kuwasimamisha, walimupita.

Mapigano hayakufanyikia ndani ya O.K. Corral. Yalifanyikia katika nafasi ndogo kati ya nyumba mbili, upana wake mita 5 hivi, pembeni ya studio ya foto ya Camillus Fly. Watu walisimama mita mbili ao tatu mumoja na mwingine. Masasi 30 hivi katika sekunde 30 hivi. Hakuna mutu mwenye alingojea mwenzake. Ike Clanton, mwenye alianzisha kelele yote, hakuwa na silaha saa ile, akakimbia. Ndugu yake Billy, kijana wa miaka 19, hakukimbia. Alipigwa, akaendelea kupiga akiwa ameanguka mpaka Fly akatoka ndani ya studio akamunyanganya bastola yenye ilikuwa imemaliza masasi. Billy, Tom McLaury na Frank McLaury wakafa. Virgil na Morgan waliumizwa, Holliday alikwaruzwa, Wyatt hakuguswa. Juu ya Tom, mpaka leo watafiti wanabishana kama alikuwa na silaha ao hapana. Na mupiga foto, mwenye alikuwa na mashine yake hatua kiloko tu, hakupiga foto moja ya mapigano.

Kile chenye kilifuata njo kinapashwa kutupendeza sisi wenye tulisomea vyuo. Kulikuwa mashitaka! Muamuzi Wells Spicer alisikiliza mashahidi karibu mwezi muzima. Wamoja walisema Cowboys walikuwa wameinua mikono. Wengine walisema walikuwa wanavuta bunduki. Behan alitoa ushuhuda kinyume cha ndugu Earp. Tarehe 30 Novemba Spicer akaamua kama hakuna sababu ya kutosha ya kuwapeleka mbele zaidi. Lakini akasema wazi kama Virgil alikosa kumuita Wyatt na Holliday kumusaidia, juu ya ugomvi wenye ulikuwa kati yao na wale watu. Hapa angalia vizuri: muamuzi hakusema ni mashujaa. Alisema hakuna mashitaka ya kutosha. Kati ya maneno hayo mawili kuna umbali mukubwa, na hadisi yote ya filme imejengwa katika umbali ule.

Kisha sheria ikaacha kabisa kuonekana. Mwisho wa Desemba watu walimupiga Virgil masasi usiku, mukono wake wa kushoto ukalemaa maisha yake yote. Mu Machi 1882 Morgan aliuawa na sasi kupitia dirisha la mulango wakati alikuwa anacheza biliari. Washukiwa walikuwa na marafiki wa kuapa kama walikuwa nao mahali pengine. Wyatt, mwenye sasa alikuwa amepewa kazi ya musaidizi wa marshali wa serikali kuu, akafanya nini? Tarehe 20 Machi, katika gare ya Tucson, yeye na wenzake walimuua Frank Stilwell. Maiti ilipatikana kando ya reli ikiwa na matundu mengi ya masasi. Kisha wakaua wengine, na kati yao kiongozi wa Cowboys, Curly Bill Brocius.

Tucson ikatoa mandati ya kumukamata Wyatt Earp kwa ajili ya kuua. Sherifu Behan akakusanya watu wa kumufuata, na ndani ya watu wale aliandikisha Cowboys. Fikiria picha ile: kundi mbili za watu juu ya farasi zinafuatana katika jangwa, kila kundi na karatasi yenye muhuri, kila kundi na wauaji ndani yake. Nani ni polisi, nani ni bandi? Yule rafiki yangu avoka, ukimuonyesha faili bila majina, angesema nini? Wyatt akakimbilia Colorado. Hakuhukumiwa kamwe.

Na mbele ya Tombstone alikuwa nani? Mu 1871 alikamatwa juu ya kushitakiwa wizi wa farasi, akatoroka jela. Mu 1872, kule Peoria, alikamatwa zaidi ya mara moja juu ya mambo ya nyumba za umalaya. Kisha akawa polisi Wichita na Dodge City, na watu wa kule walisema alifanya kazi vizuri. Nafikiri hii njo sehemu yenye watu wanashindwa kukubali: haikuwa uongo kama alikuwa polisi muzuri. Mutu mumoja anaweza kuwa vyote viwili, na mara mingi wenye muji walimutafuta juu ya vile alivyojua nyumba zile. Mu 1896 aliitwa San Francisco kuwa arbitri wa mupambano mukubwa wa bokse. Akaingia na bastola, polisi wakamunyanganya, na akalipishwa amande juu ya kubeba silaha kwa kificho! Akampa ushindi mutu mwenye watu wengi waliona ameanguka, na San Francisco nzima ikasema alilipwa. Magazeti ya wakati ule, ukitaja Wyatt Earp, yalikumbuka bokse kuliko Tombstone.

Sasa namna gani mutu ule akawa yule wa sale ya video? Alikufa Los Angeles tarehe 13 Januari 1929, na miaka 80. Miaka yake ya mwisho alizungukia watu wa sinema. Kati ya wenye walibeba sanduku lake kulikuwa akteri wakubwa wawili wa filme za kauboi, William S. Hart na Tom Mix. Mbele ya kufa, mwandishi Stuart Lake alikuwa ameongea naye. Mu 1931 Lake akatoa kitabu chake juu ya Wyatt. Ndani yake Wyatt anaongea kurasa na kurasa, kwa Kiingereza kizuri. Kisha Lake alikuja kukubali kama muzee hakuwa mutu wa maneno mengi, na maneno yale yalikuwa yake yeye Lake. Josephine naye alipigana ili mambo ya aibu yasiingie. Na mu 1931 Marekani ilikuwa na njaa, na Al Capone alikuwa mu magazeti kila siku. Watu walitaka polisi mwenye hahongwi. Lake akawapatia. Kutoka kitabu kile zikatoka filme, kisha programu ya televizyo kuanzia 1955, kisha filme ya 1957 yenye iliweka jina la O.K. Corral katika kichwa cha kila mutu.

Upande wa mabandi kazi ilikuwa ile ile. Jesse James anasemwa aliibia matajiri akapatia masikini. Hakuna karatasi yenye kuonyesha masikini hata mumoja mwenye alipokea. Familia yake ilikuwa na watumwa, na yeye kama kijana alipigana katika kundi la wale wenye walitaka utumwa uendelee, wenye waliua askari bila silaha kule Centralia mu 1864. Mwandishi wa gazeti John Newman Edwards, naye mupiganaji wa zamani wa upande ule, njo alimutengeneza kuwa shujaa, juu alihitaji shujaa wa Kusini mwenye hakuinama. Mu Februari 1866, kule Liberty, Missouri, kundi lenye watafiti wanaliunganisha na ndugu wa James liliiba banki. Katika kutoka walipiga masasi njiani, wakamuua mwanafunzi wa kolezi ya pale, George Wymore. Jesse James iko na filme kumi na kumi. Mwanafunzi, hakuna.

Na kuna mwingine mwenye aliachwa kando kwa muda murefu. Bass Reeves alizaliwa mutumwa Arkansas mu 1838. Wakati wa vita alitoroka akaishi kati ya mataifa ya Wahindi Wekundu, akajifunza luga zao. Kuanzia 1875, kwa miaka 32, alikuwa musaidizi wa marshali katika inchi ile, Oklahoma ya leo. Hakujua kusoma; walimusomea mandati, akazishika kichwani, na mbele ya mutu alijua karatasi gani ni yake. Magazeti yalisema alikamata watu zaidi ya 3000. Mu 1902 mutoto wake alimuua bibi yake, na Reeves mwenyewe alichukua mandati akaenda kumuleta. Lakini hata yeye tusimufanye malaika: mu 1887 alihukumiwa juu ya kumuua mupishi wake, akaachiliwa. Wakati Oklahoma ilikuwa jimbo, mu 1907, sheria za kutenganisha weusi na weupe zikaingia, na akamaliza kazi yake kama polisi wa kutembea na miguu kule Muskogee. Leo kwenye mitandao wanasema yeye njo alikuwa mufano wa yule akteri mwenye maski, Lone Ranger. Ushuhuda wa hiyo haujapatikana. Tunapenda Reeves, lakini kama tunakataa hadisi za uongo za Wazungu, hatuwezi kuziandika upya na mutu mweusi ndani kisha tuseme ni historia.

Sisi wenyewe hii habari ilitufikia zamani. Miaka ya 1950, kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, vijana wa mitaa walijiita «Bills», kutoka jina la Buffalo Bill, yule mwenye aliuzisha Far-West kama maonyesho tangu 1883. Walivaa kama makauboi, walivuta bangi, walikuwa na luga yao, Hindoubill, waligawa mitaa na kuilinda, na mara mingine kuisumbua. Polisi wa kikoloni aliwaita wahuni. Mitaa mingi iliwaona kama watoto wake. Walichagua Buffalo Bill ya sinema, hawakuwa na njia ya kuona nyingine.

Hata hesabu ya wafu inabishaniwa. Mutafiti Robert Dykstra alihesabu katika miji mitano ya ngombe ya Kansas, Dodge City ndani yake, akapata watu 45 tu wenye waliuawa kati ya 1870 na 1885. Wengine wakajibu kama miji ile ilikuwa midogo, na kwa wakaaji kiloko vile 45 ni wengi. Wote wawili wana haki, na sinema moja tu inaua karibu hesabu ile mu saa moja na nusu.

Tombstone ingali iko. Feza ilikwisha zamani, maji yaliingia ndani ya migodi, na leo muji unaishi kwa watalii. Kila siku watu wenye nguo nyeusi na ndevu wanapiga masasi ya uongo, Billy anaanguka, watalii wanapiga makofi na kulipa. Ukitoka pale ukaenda kwenye makaburi ya Boothill, kaburi la Billy Clanton na ndugu wawili McLaury lingali na maandishi yenye kusema kama waliuawa kikatili katika barabara za Tombstone, 1881. Mbele ya maziko, sanduku zao ziliwekwa kwenye dirisha la duka na bango lenye maneno kama yale. Tiketi ya maonyesho na tiketi ya makaburi zinauzishwa katika muji mumoja.